Tabayuni: Namba Zisizo na Kigawo cha Shirika, kutoka Vyuo vya Mirathi hadi Madarasa ya Bugarama

Kijarida hiki cha idara kimezoea kubeba makala ya ngeli, ushairi na fasihi simulizi. Safari hii tunaomba ruhusa ya kuingia katika shamba la majirani zetu wa hisabati, kwa sababu ndani yake tumekuta neno ambalo linatuhusu sisi walimu wa lugha. Makala haya yanahusu namba mbili ambazo hazigawanyiki kwa pamoja kwa namba yoyote isipokuwa 1. Mfano ulio karibu ni 8 na 9. Nane inagawanyika kwa 2 na kwa 4. Tisa inagawanyika kwa 3. Lakini ukiiondoa 1 hakuna namba hata moja inayozigawa zote mbili bila baki. Kinyume chake, 8 na 12 zote zinagawanyika kwa 2 na kwa 4, na ndiyo maana tunasema zina vigawo vya shirika.

Hoja yetu ni kwamba jambo hili, ambalo wanafunzi wetu huliona kama mgeni aliyeletwa na vitabu vya Kifaransa, lilikuwa na jina na kazi miongoni mwa wasomi wa Uswahilini muda mrefu kabla ya somo la hisabati kufundishwa kwa Kiswahili shuleni. Jina lake ni tabayuni. Kazi yake ilikuwa kugawa mali ya marehemu.

Mlima na mwambao

Kwanza tumweleze msomaji mahali tulipo. Bugarama tunayoizungumzia si ile ya njiapanda maarufu ya Muramvya. Ni ile ya milimani, juu ya Ziwa Tanganyika, ambayo mwaka 2015 iliwekwa katika mkoa mpya wa Rumonge pamoja na tarafa za Muhuta, Burambi, Buyengero na Rumonge yenyewe. Mwaka 2025 mipaka ilichorwa upya na mikoa ya nchi ikapunguzwa hadi mitano, lakini watu, njia na masoko hayakuhama. Mtu wa Bugarama anaishi kwa Kirundi. Akishuka Rumonge kununua mawese au ndagala, anaingia katika mji ambao Kiswahili kina wenyewe.

Mwanafunzi anayetoka mlimani huko haji mikono mitupu katika habari ya namba. Kirundi chake kinasema gatatu kwa 3 na gatandatu kwa 6, na sikio lolote husikia kwamba sita ni tatu iliyorudiwa. Kiswahili cha zamani nacho kilikuwa na tandatu kabla ya sita ya Kiarabu kuipokonya nafasi. Wanaisimu wengi huiona nane vivyo hivyo, kuwa ni nne na nne. Tisa ya leo ilikuwa kenda, ndugu ya icenda ya Kirundi, na saba iliitwa mfungate, neno ambalo limebaki katika fungate ya maarusi. Kirundi kinatumia indwi kwa saba na vilevile kwa wiki nzima. Kwa ufupi, lugha zetu za Kibantu zilikwisha kuona kwamba baadhi ya namba zimejengwa kwa namba nyingine. Kilichokuja kutoka pwani ni hatua ya pili: kuzichukua namba mbili na kuuliza zina uhusiano gani baina yao.

Hatua hiyo ilipita njia ya misafara. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliwakuta huko wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wakiwa wamekwisha kutangulia. Kutoka Ujiji mitumbwi ilipanda kaskazini kando ya pwani yetu. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu akazuiwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Historia hiyo ina damu na utumwa ndani yake, na hatuna nia ya kuipaka rangi. Lakini pamoja na bunduki na pembe za ndovu walikuja pia walimu wa Kurani, waandishi wa barua, na watu waliojua kugawa mirathi. Wajerumani walipoweka utawala wao walikikuta Kiswahili kinatumika, wakakitumia. Wabelgiji walioshika nchi mwaka 1916 walikiacha katika mitaa ya Waswahili kama Buyenzi na katika miji ya ziwani kama Rumonge, wakakifungia mlango wa shule. Ndiyo sababu Kiswahili cha mwambao wetu kilisomewa misikitini na sokoni zaidi kuliko darasani.

Mafungu sita

Elimu ya mirathi, ambayo wasomi huiita pia ilimu ya faraidhi, ina mafungu sita yaliyotajwa katika Sura ya Nisaa: nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Msomaji atatambua mara moja kwamba haya ndiyo majina ya sehemu katika Kiswahili chetu. Orodha ya kamusi inaendelea na humusi, subui, tusui na ushuri, lakini yale sita ya mirathi ndiyo yaliyozama zaidi katika matumizi. Thumuni ilifika hadi mfukoni, ikawa sarafu ya senti 50 huko Kenya na Tanzania. (Ushuri nayo ni ndugu wa ushuru, ambao kila mchuuzi wa Rumonge anaufahamu bila kuhitaji kamusi.)

Hatuingii hapa katika mjadala wa nani anastahili fungu gani, wala wa mtoto wa kike kupata nusu ya fungu la mtoto wa kiume. Huo ni mjadala mzito wenye wenyewe. Tunachotazama ni hesabu, maana fakihi akishajua mafungu hukabiliwa na swali moja la kazi: mali ikatwe vipande vingapi ili kila mrithi apate idadi kamili, bila kuvunja kipande?

Kupata jibu, huzilinganisha namba za chini za mafungu, mbili mbili. Uhusiano wao ni wa aina nne, na kila aina ina jina lake. Kama namba ni zile zile, mfano 2 na 2, huo ni tamathuli. Kama ndogo inaingia katika kubwa bila baki, mfano 2 na 6, huo ni tadakhuli. Kama hakuna inayoingia katika nyingine lakini zote zinagawanyika kwa namba ya tatu, mfano 6 na 8 ambazo zote zinagawanyika kwa 2, huo ni tawafuki. Na kama hazina lolote la kushirikiana ila 1, mfano 3 na 4, huo ni tabayuni. Utungo mashuhuri wa kufundishia mirathi katika madhehebu ya Shafii, unaoitwa Rahabiya, unazipanga aina hizi nne vivyo hivyo, ingawa ile ya pili unaiita kwa jina jingine. Mwanafunzi aliyehifadhi utungo huo alikuwa anahifadhi, pamoja na sheria, somo zima la vigawo vya shirika.

Kwa mtu wa lugha majina haya ni hazina. Tamathuli ni ukoo mmoja na mithili. Tadakhuli ina maana ya kuingia, na tunaamini ina undugu na udahili tunaoutangaza kila mwaka chuoni. Tawafuki ni ndugu wa afiki na muafaka. Tabayuni inatoka shina moja na bayana, bainisha na hata baina: ni hali ya vitu viwili kuwa na nafasi kati yao. Hakuna hata moja kati ya mashina haya ambalo halijaota tayari katika Kiswahili cha kila siku.

Sasa tuyatie kazini. Mtu amefariki bila mtoto, akaacha mke, mama na ami. Mke ana robo, mama ana thuluthi, ami anachukua kinachobaki. Namba ni 4 na 3, nazo zina tabayuni. Kanuni inasema zizidishwe zenyewe kwa zenyewe: 12. Mke apate 3, mama 4, ami 5.

Mtu mwingine ameacha mke, mama na mtoto wa kiume. Mke ana thumuni, mama ana sudusi, mtoto anachukua baki. Namba ni 8 na 6. Mtu asiye na elimu angezizidisha akapata 48, na asingekuwa amemdhulumu mtu: mke 6, mama 8, mtoto 34. Lakini fakihi anaona tawafuki katika 2. Anachukua nusu ya 6, ambayo ni 3, anaizidisha kwa 8, anapata 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Haki ni ile ile, vipande ni nusu. Kama mali ni shamba la kupigiwa vigingi na kamba, tofauti ya vipande 24 na 48 ni kazi ya siku nzima, bila kutaja ugomvi wa ziada unaoweza kuzuka kila mahali kigingi kinapopigwa.

Namba hizi za msingi, ambazo mafakihi huziita asili ya masuala, ni saba tu: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Ukizitazama utaona kwamba 12 ni zao la 3 na 4, na 24 ni zao la 3 na 8. Yaani mbili zilizo kubwa zaidi zimezaliwa na tabayuni.

Vichwa na vipande

Kazi haiishii hapo. Fungu likishapatikana, lazima ligawanywe kwa vichwa vya wanaolishirikiana, na hapo uhusiano wa namba mbili unarudi tena. Tuchukue marehemu aliyeacha mke, watoto wa kiume 2 na wa kike 3. Asili ni 8: mke anapata 1, watoto wanabaki na 7. Kila mtoto wa kiume anahesabiwa vichwa viwili, kwa hiyo vichwa ni 4 na 3, jumla 7. Vipande 7 kwa vichwa 7. Kazi imekwisha kabla chai haijapoa.

Ondoa sasa binti mmoja. Vichwa vinakuwa 6, vipande bado ni 7. Saba na sita zina tabayuni, hakuna njia ya mkato. Asili yote lazima izidishwe kwa 6. Mali inakuwa vipande 48: mke 6, kila mtoto wa kiume 14, kila binti 7. Mtu mmoja tu amepungua na hesabu imeruka kutoka 8 hadi 48. Na wapo warithi wengi kuliko hao ambao hesabu yao ni nyepesi: mke na ndugu wa kiume 6 bila mtoto. Asili ni 4, mke 1, ndugu wana 3 kwa vichwa 6. Tatu na sita zinashirikiana katika 3, kwa hiyo inatosha kuzidisha kwa 2. Vipande 8: mke 2, kila ndugu 1. Wingi wa watu siyo unaoleta ugumu. Kinacholeta ugumu ni namba kukosa kigawo cha shirika.

Huenda msomaji akatuuliza mambo haya yana uzito gani leo. Tunamjibu kwa kumkumbusha mwambao wenyewe. Mwishoni mwa Aprili 1972 Rumonge na tarafa za kusini ziliingia katika machafuko, na mauaji yaliyofuata nchini yakawakimbiza maelfu kwa maelfu kwenda Tanzania na kwingineko. Mashamba ya michikichi yalipata wakazi wengine. Wakimbizi waliporudi, wengi wao baada ya miaka thelathini na zaidi, Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyinginezo iliyoanzishwa mwaka 2006 ilikuta migogoro mingi mno hapa kwetu. Wakati fulani iliwahimiza wakazi na waliorudi kugawana. Baadaye ikaelekea kurudisha mali yote kwa wenyewe wa kwanza. Kabla ya swali la mkazi na aliyerudi, mara nyingi lilikuwapo swali jingine ndani ya familia yenyewe: baba alikufa uhamishoni, mtoto wake naye akafa, na shamba halijagawanywa bado.

Mafakihi wana sura maalumu ya hali hiyo, vifo vinavyofuatana kabla ya mgawo. Tuchukue mfano wa kubuni. Mzee ameacha mke, ambaye ni mama wa kambo wa watoto, na watoto wa kiume 3. Asili 8, mke 1, watoto 7 kwa vichwa 3. Saba na tatu zina tabayuni, basi 24: mke 3, kila mtoto 7. Kabla ya kugawana, mtoto mmoja anafariki na kuacha mjane na mtoto wa kiume. Asili ya mirathi yake ni 8, na fungu lake ni 7. Saba na nane zina tabayuni. Basi 24 izidishwe kwa 8, tupate 192. Mke wa mzee ana 24, ndugu wawili walio hai 56 kila mmoja, mjane wa marehemu 7, na yatima wake 49. Jumlisha uone: 192 kamili.

Kama shamba la mzee lilikuwa na upana wa mita 96, kila kipande ni nusu mita. Fungu la mjane ni mita tatu na nusu. Kama hesabu imefanywa kwa kukadiria, au na mtu asiyejua kutofautisha tabayuni na tawafuki akaishia kukata vipande visivyotimia, mita hizo tatu na nusu ndizo zinazotoweka kwanza, maana mwenye fungu dogo ndiye mwenye sauti ndogo. Ni kweli kwamba ardhi nyingi ya Burundi hugawanywa kwa mila wala si kwa mirathi ya Kiislamu, na kwamba milimani Bugarama itongo la familia limekwenda kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi. Lakini hata mila ikiamua mafungu yake, kazi ya kuyafanya yatimie bila baki ni hii hii.

Ilikotoka

Tusije tukamfanya msomaji aamini kwamba mafakihi ndio waliovumbua jambo hili. Mgiriki Euklide, aliyeishi yapata miaka 300 kabla ya Kristo, aliliweka mwanzoni mwa Kitabu cha Saba cha kazi yake kuu, na akatoa njia ya kulipima. Njia yenyewe inaweza kufundishwa kwa kamba za wavuvi. Una kamba mbili, moja ya pima 84 na nyingine ya pima 36. Toa fupi katika ndefu: 84 toa 36 ni 48. Toa tena: 12. Sasa 12 ndiyo fupi. Inaingia katika 36 mara tatu bila baki. Basi 12 ndicho kigawo kikubwa cha shirika, na kamba zote mbili zinaweza kukatwa vipande vya pima 12 bila kupoteza hata shubiri. Fanya hivyo kwa 35 na 18: zinabaki 17 na 18, kisha 1. Ukifika 1, namba zako zina tabayuni. Hakuna haja ya kuorodhesha vigawo vyote, kazi ambayo huwachosha wanafunzi wetu kwenye namba kubwa.

Kitabu cha Euklide kilifasiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad katika zama za Harun al-Rashid, aliyetawala kuanzia 786 hadi 809. Muda mfupi baadaye, katika mji huo huo, al-Khwarizmi aliandika kitabu chake cha aljebra. Watu wengi wanakijua kwa jina tu, na hushangaa kusikia kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho inashughulikia wasia na mirathi. Aljebra na mirathi zilikua katika nyumba moja. Kwa hiyo elimu iliyofika Zanzibar, Lamu na Mombasa, na baadaye Ujiji, ilikuwa imebeba mambo hayo mawili kwa pamoja. Kwa Kiswahili chenyewe tuna ushahidi wa maandishi: Sheikh Ali Hemedi el-Buhriy wa Tanga aliandika kitabu kiitwacho Mirathi, ambacho P. E. Mitchell alikifasiri kwa Kiingereza katika enzi ya ukoloni. Na huko Kenya, Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imewaachia makadhi mamlaka katika ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao. Hesabu ya tabayuni haijastaafu.

Kigawo na kigawe

Njia ya pili ambayo namba hizi zilipata Kiswahili ni ya shule, nayo ni ya juzi. Mwaka 1967 Tanzania ilitoa siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa mwaka huo huo, na shule za msingi zikageuzwa kufundisha masomo yote kwa Kiswahili. Hisabati ikahitaji maneno haraka. Vitabu vya Tanzania vilitupatia Kigawo Kikubwa cha Shirika, ambacho watoto hukiita KKS, na Kigawe Kidogo cha Shirika, yaani KDS. Vilitupatia pia namba shufwa, namba witiri na namba tasa.

Hapa tunaomba tuwasifu waliobuni. Angalieni jozi ya kigawo na kigawe. Shina ni moja, gawa. Kiishio cha o kinatoa kitu kinachotumika kutenda, kama kifuniko na kizibo. Kiishio cha e kinatoa kilichotendwa, kama kiumbe na mteule. Kwa hiyo kigawo ni kinachogawa na kigawe ni kinachogawiwa: 4 ni kigawo cha 12, na 12 ni kigawe cha 4. Irabu moja imebeba tofauti ambayo lugha nyingine huieleza kwa maneno mawili yasiyofanana hata kidogo. Mwalimu wa hisabati akisaidiwa na mwalimu wa lugha kueleza irabu hiyo, nusu ya makosa ya KKS na KDS yataondoka.

Namba tasa nayo ni istilahi ya kupendeza, ingawa ina ukatili kidogo. Saba ni tasa kwa sababu haikuzaliwa na kuzidishana kwa namba nyingine ndogo. (Mtu mkali wa lugha angesema kwamba anayekosa wazazi ni yatima, si tasa, lakini istilahi ikishakubalika haiulizwi tena.) Shida inaanza tunapotaka kueleza namba mbili zisizo na kigawo cha shirika. Vitabu vya Kifaransa wanavyosoma wanafunzi wetu hutumia neno lile lile la namba tasa na kuongeza maneno ya maana ya "baina yao". Mwanafunzi wa Bugarama anayetafsiri neno kwa neno huandika "namba tasa baina yao", kisha akiulizwa kama 8 na 9 ni za namna hiyo hujibu hapana, kwa sababu nane si tasa wala tisa si tasa. Kosa si lake. Neno limemwambia atazame namba moja moja, wakati ambapo swali linahusu uhusiano wa mbili.

Tabayuni haiwezi kumpotosha hivyo. Haiwezi kusemwa juu ya namba moja peke yake, kama vile huwezi kusema mtu mmoja "wamepatana". Na kama ni suala la asili ya Kiarabu, shufwa na witiri zimetoka huko huko, zote mbili zimetajwa pamoja katika aya ya tatu ya Sura ya Alfajiri, na hakuna aliyezikataa katika vitabu vya shule kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, si wote idarani wanaokubaliana nasi. Baadhi ya wenzetu wanasema kwamba wanafunzi wa milimani, ambao wengi wao si Waislamu na hawakukulia katika Kiswahili, wanaongezewa mzigo wa neno geni; wao wanapendekeza "namba zisizoshirikiana", ili neno jipya likae jirani na shirika ya KKS. Hoja yao ina nguvu, hasa sasa ambapo Kiswahili kimo katika shule zetu za msingi tangu katikati ya miaka ya 2000, Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2007, na mwaka 2021 wakuu wa Jumuiya walikubali Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake rasmi. Neno litakalochaguliwa linaweza kuvuka ziwa. Pingamizi letu ni dogo lakini ni la kihisabati: hakuna namba mbili zisizoshirikiana kabisa, kwa kuwa zote hushirikiana katika 1. KKS ya 8 na 9 ipo, nayo ni 1. Ukimwambia mtoto kwamba hazishirikiani, ataandika kwamba KKS yake ni sifuri, na tumekwisha kuona karatasi za namna hiyo.

Wapo pia wanaotaka tuseme tu "namba zenye KKS ya 1". Hilo halina kasoro yoyote ila urefu wake, na kwa sasa ndilo tunaloliandika ubaoni, tukiweka tabayuni kando yake katika mabano. Faharasa ya istilahi ya idara bado iko wazi. Msomaji wa Rumonge, Nyanza-Lac, Buyenzi au Ujiji ambaye nyumbani kwake kuna daftari la zamani la hesabu za mirathi kwa Kiswahili, hata likiwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, tunamwomba atuonyeshe jinsi mwandishi wake alivyoliandika neno hili: kwa t au kwa m mwanzoni, na kama alilipa ngeli ya i- na zi- au alilisema kama jina la hali lisilo na wingi.